Injinia wa Uani

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, hajawahi kuharibu gari la mtu mwingine. Nalisema hilo mapema kwa sababu mengine nitakayoyasema hayatampendeza, na mimi si mtu wa kumnyima mwenzangu haki yake. Aliharibu la kwake tu, na hata hilo hakuliharibu kwa uzembe. Aliliharibu kwa bidii, kwa mapenzi, na kwa mikono aliyoinawa vizuri kabla ya kuanza kazi.

Alikuwa mtunza stoo wa hospitali. Ujana wake wote ulikwisha akihesabu mashuka, na hakuna shuka lililowahi kupotea mikononi mwake. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na hotuba, akarudi nyumbani, akabadilisha nguo, akalivua turubai gari kuukuu alilokuwa amelinunua mnadani na kulilaza uani kwa muda mrefu. Lilikuwa la aina ile ya kupanda milima: bati nene, vioo vya kusukuma kwa mkono, viti vya kuadhibu makalio, na sakafuni fimbo mbili za gia badala ya moja. Mtaani wakaanza kumwita Injinia. Walimwita kwa mzaha, naye akaitika bila mzaha wowote.

Mimi nakaa nao, chumba cha nyuma, ninakoshonea sare za shule. Dirisha langu linatazama uani, kwa hiyo nisiambiwe na mtu habari za gari lile. Niliziona zote. Kamba ya kuanikia nguo ilihamishwa ili gari lipate nafasi ya kulala ubavu. Beseni la kufulia likawa la kuogeshea beringi. Bolti zilikaa kwenye makopo ya siagi, kila kopo na bolti zake, na ole wako uguse. Msimu mmoja wa mvua gia boksi iliingia ndani isipate kutu, ikawekwa kwenye kochi la watu wawili na kufunikwa kitambaa cha kufuma, na mvua zilipoisha ikabaki palepale. Wageni walipokuja walionyeshwa viti vingine. Dada akitaka kupika anakuta sufuria kubwa imekwenda kukinga oili chafu, na akiuliza, anajibiwa kwamba ni ya mara moja tu.

Ugonjwa wa shemeji haukuwa kutojua kazi. Vitabu vya gari lile alikuwa navyo, tena alivisoma na miwani. Ugonjwa wake ulikuwa ni maneno matatu: maadamu nimeshafungua, ngoja. Anafungua gurudumu abadilishe breki. Maadamu ameshafungua, ngoja aitazame beringi. Beringi ikishatoka, ngoja aone ekseli inasemaje. Ekseli ikishatoka, ndiyo nafasi ya kupiga chuma rangi, na rangi lazima ikauke, na inapokauka yeye amekaa bure, kwa nini asifungue upande wa pili? Jua likielekea kuzama gari limetandazwa kutoka mlango wa jikoni mpaka getini, na breki aliyokwenda kuibadilisha bado imo ndani ya boksi lake, haijaguswa.

Fundi wa gereji ya pale kona alikuwa akipita asubuhi anachungulia juu ya ukuta na kuuliza, "Bado?" Shemeji hamjibu. Anasubiri apite, kisha ananiambia mimi dirishani kwamba mafundi wa siku hizi hawatengenezi, wanabadilisha tu. Nami namwambia angalau wakibadilisha gari linaondoka. Ndivyo tulivyoishi, tukitupiana maneno, kwa kuwa shemeji ni mtu wa kutaniwa na yeye hakuwa na kinyongo.

Utani ulikwisha macho ya mama yalipoanza kufifia.

Mama yetu anakaa peke yake ng'ambo ya mto, juu ya kilima cha udongo mwekundu. Kiangazi njia ile ni njia. Mvua ikinyesha inateleza kama sabuni, na mto ukijaa hapana anayekwenda wala anayekuja. Tulimleta kwa daktari wa macho. Daktari alitwambia bila kuzunguka kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kitakwenda kidogo kidogo. Siku ile dada alikuwa anakunja nguo chumbani kwangu, anakunja shuka moja tu, analikunjua, analikunja tena.

"Nataka aje akae hapa," akasema. "Nataka kwa yale macho yaliyobaki anitazame mimi. Asiyamalize kwa kutazama ukuta wa jikoni, peke yake."

Mimi nililia. Dada hakulia, alilikunja lile shuka.

Mama hakutaka kuhama, ila si mtu wa kuwakatalia wanawe usoni. Alisema basi zinamtikisa na malori hayapandiki. Akasema yeye atahama kwa gari la mkwewe na si lingine, siku litakapofika mlangoni kwake. Shemeji alivimba kichwa, akaona ameheshimiwa mbele ya ukoo mzima. Mimi nilikumbuka kwamba mama alipokuja kwa daktari alikaa sebuleni mchana kutwa, bega kwa bega na gia boksi. Macho yake yalikuwa mabaya, lakini hayakuwa mabaya kiasi hicho.

Dada alijaribu njia nyingine. Alisema tukodi gari. Shemeji akanuna, mama naye akatuma salamu kwamba alishatoa neno lake na neno lake ni gari lile. Basi mambo yote yakawa juu ya lile dude la uani: mama angeweza kuja kabla ya mvua, au asije mpaka mvua ziishe, na mvua zikiisha hatujui angekuwa anaona nini.

Hapo nilimwona dada yangu wa tangu utotoni, yule aliyekuwa akitusimamia tuoshe vyombo. Alichukua kigoda chake akakiweka kando ya gari. Akatangaza sheria: hakuna kufungua kitu cha pili kabla cha kwanza hakijafungwa. Shemeji akisema maadamu, dada anakohoa. Na kweli, kazi ikaenda. Gia boksi ikatoka kwenye kochi ikarudi mahali pake, na kochi likabaki na shimo. Breki zikashika. Makopo ya siagi yakawa matupu moja baada ya jingine.

Kitu cha kumalizia kilikuwa difu ya mbele, lile tumbo la chuma katikati ya ekseli linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Ilikuwa inavuja. Shemeji akaishusha, akaiosha, akabadilisha mipira ya kuzuia oili, akairudisha na kuzikaza bolti zake zote zilizoizunguka. Alifanya kazi safi, hata mimi nilisema. Kisha akalitoa gari getini, akazunguka nalo mtaa mzima huku mkono mmoja uko nje ya dirisha. Fundi wa kona alitoka gerejini akasimama tu. Nilisikia raha, sitaficha. Unaweza kumcheka mtu miaka yote na bado ukafurahi siku yake ikifika.

Aliporudi nilimuuliza kama ameijaribu na ile fimbo ya pili. Katika magari yale, siku zote yanayovuta ni magurudumu ya nyuma tu. Fimbo ya pili ndiyo inayoyaamsha na ya mbele, yakavuta yote manne, na kitu hicho wenye magari wanakiita fowili. Shemeji alinitazama kwa huruma.

"Shemeji, fowili haishikwi kwenye nchi kavu," akasema. "Meno yatatafunana. Ile ni ya matope, na tutaishika tukifika kwenye matope."

Na alisema kweli. Kamuulize fundi yeyote atakwambia hivyohivyo. Asiyejua kitu angeivuta ile fimbo palepale uani kwa ushamba, na tungeokoka.

Tuliondoka asubuhi, mawingu yameshajikusanya. Shemeji alivaa shati lililopigwa pasi. Dada alikaa mbele na mto wa kumwegemeza mama, mimi nyuma na jeki, tairi la akiba na sanduku la spana linaloruka kila tukikanyaga shimo. Kwenye lami alikwenda taratibu kama bwana harusi, akipungia watu asiowajua. Tukavuka mto, maji bado kwenye vifundo vya miguu. Tukafika chini ya kilima cha mama, bati la nyumba yake tunaliona kabisa, tukakuta kule mvua imetutangulia. Njia yote ilikuwa inang'aa.

Shemeji alisimamisha gari. Akasugua viganja. Naamini katika maisha yake hapajawahi kuwa na wakati mtamu kuliko ule. Akatwambia tushike vizuri, akavuta ile fimbo ya pili, akakanyaga mafuta.

Gari lilinguruma, likatetemeka, likabaki palepale. Akaongeza mafuta, likanguruma zaidi na kuanza kuzama. Nilifungua mlango wa nyuma nikachungulia, na niliyoyaona sikuyaamini, nikashuka nikatazama vizuri. Matope ya nyuma yalikuwa yanarukia nyuma. Matope ya mbele yalikuwa yanarukia mbele. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yanakwenda kwa mama, na ya mbele yalikuwa yanarudi nyumbani.

Nilimwambia. Akasema haiwezekani. Akashuka, akamweka dada kwenye usukani akanyage polepole, akainama kutazama. Aliinama muda mrefu kuliko kutazama kunavyohitaji. Kisha akalala chini, na shati lake la pasi, akaingia uvunguni. Alipotoka alikuwa mwekundu wa udongo mgongo mzima.

"Nimeiweka juu chini," akasema.

Ile difu ni duara na bolti zake zimepangwa sawasawa pande zote, kwa hiyo inaingia hata ukiigeuza. Ukiigeuza, magurudumu ya mbele yanazunguka kinyume. Hayakuwa na shida mitaani, maana mitaani hayakuwa na kazi. Akatueleza, mwenyewe bila kuulizwa, kwamba alipoifunga aliona tundu la kujazia oili limetazama chini. Hakushuku mikono yake. Aliwashangaa waliolitengeneza gari, jinsi wasivyofikiri, akaijaza oili kwa kimpira kupitia tundu la kupumulia, akalala usingizi mzuri akijiona mbunifu.

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Shemeji hutaniwa, lakini yale hayakuwa utani. Dada yeye hakupiga kelele. Alishuka kwenye usukani, akakaa kwenye kidaraja cha mlango, miguu matopeni, akalia. Kwa daktari hakulia, akaja kulia pale.

"Mimi sikukuomba gari," akamwambia mumewe. "Nilikuomba mama yangu."

Shemeji alisimama akishika spana ambayo haikuwa na kazi. Hakujitetea. Ni bora angejitetea, ningepata pa kumshika.

Watu waliokuwa wanatoka sokoni walitukuta hivyo. Wakatua mizigo yao, wakacheka kidogo, wakakunja suruali. Shemeji akaachia fowili, nyuma pakavuta peke yake, na watu wakasukuma huku wakiimba na kutukana udongo, mpaka gari likapanda kilima na kusimama mlangoni kwa mama. Mama alikuwa ametoka, amesimama kwenye kizingiti, kichwa ameinamisha kidogo anasikiliza.

"Limefika?" akauliza.

Shemeji angeweza kusema ndiyo. Nampa haki yake tena. "Limesukumwa, mama. Halikupanda lenyewe."

Mama alifikiri. Njia ya kutokea ilikuwa imefunguliwa mbele yake, pana kabisa, na mwenyewe aliijua. "Nilisema likifika mlangoni," akasema. "Sikusema kwa nguvu za nani. Nitakwenda." Dada alikuwa anajifuta macho, hakuuona uso wa mama aliposema vile. Mimi niliuona, na nilitamani nisingeuona.

Tulikuwa bado hatujatua mto wa kuegemea wakati mvua ilipokuja kikweli, na kushuka na gari kukawa hakuwezekani. Sare za shule zilikuwa zinanisubiri, na za watoto wa watu hazingojei, kwa hiyo nilivua viatu nikashuka kilima kwa miguu kabla mto haujajaa. Niliuvuka maji yakiwa magotini. Nyuma yangu ukafunga. Dada na shemeji na gari wakabaki kule juu msimu mzima, na mimi nikapata kochi lote peke yangu.

Habari zilinifikia kwa simu, siku ambazo simu ilikubali. Shemeji aliishusha difu chini ya upenu wa mama, akaigeuza, akaifunga, kwa siku moja. Hakufungua kingine chochote. Dada aliniambia hilo kwa sauti ya mtu anayetoa habari za ugonjwa. Akasema mumewe anatengeneza bawaba za milango na kuziba bati, na akimaliza anakuja kusema amemaliza.

Na mama? Mama kila asubuhi humkalisha dada mlangoni, kwenye mwanga, uso kwa uso, akamtazama. Anamtazama hivyohivyo, bila aibu, kama anavyotazamwa mtoto mchanga. Akamwambia amezeeka, na pua ameichukua kwa shangazi yake. Dada alikuwa anacheka akinisimulia, na mimi huku nimebana simu begani, cherehani imesimama, nikiona wivu. Ndiyo, wivu. Na mimi nina uso wa kutazamwa.

Njia ilipokauka nilipanda kwenda kusaidia kumshusha. Nilimkuta mama hanijui mpaka niseme. Alikuwa anaona mlango kwa sababu ya mwanga wake, basi. Alinishika uso kwa mikono miwili na kuupitia taratibu, akasema mimi sijazeeka, nimenenepa tu. Alikuwa amevaa nguo zake za kutokea, mzigo umefungwa vizuri na umewekwa kitandani kando yake. Alikuwa tayari. Alikuwa tayari kama mtu aliyeitwa kwenye ofisi asiyoipenda.

Nje gari lilikuwa limeoshwa. Shemeji alishalipandisha na kulishusha kile kilima matope yakiwa bado mabichi, magurudumu yote manne yakienda upande mmoja, na majirani walimpigia makofi. Halikuwa na hata nati moja iliyobaki koponi. Tangu nilijue gari lile, nilikuwa sijawahi kuliona likiwa zima, na lilikuwa zuri. Yeye alikuwa ameshakaa kwenye usukani, injini inaunguruma kwa adabu, uso wake unang'aa kama boneti.

Mama akasema ngoja kwanza awape kuku maji. Akainuka. Kutoka kitandani akaenda jikoni, akachota mtungini, akavuka kizingiti bila kukitafuta kwa mguu, akakata uwanja, akainama palepale penye mlango wa banda, akafungua komeo, akamimina, akafunga. Akarudi. Kikombe akakitundika kwenye msumari wake. Hakugusa ukuta popote, na maji hayakumwagika.

Dada alikuwa amesimama katikati ya chumba, mzigo wa mama mikononi. Nilijua anawaza nini kwa sababu na mimi nilikuwa nawaza hayohayo: kile kidaraja chetu cha kwenda uani, jeki zimelala, vyuma vibovu vimeegemezwa, choo cha nje, geti, barabara. Nyumba nzima ya kupapasa. Tungemkalisha kwenye kochi, kwenye lile shimo lililoachwa na gia boksi, na hapo angekaa.

Dada akaurudisha mzigo kitandani. Akatoka nje mpaka dirishani kwa mumewe, nami nikamfuata.

"Gari halijapona," akamwambia.

Shemeji akasema limepona, hebu sikiliza mwenyewe hiyo injini.

"Nasema halijapona."

Alimtazama mkewe. Kisha akatazama mlangoni, mama alikokuwa amesimama akipangusa mikono yenye maji kwenye nguo zake za safari. Shemeji yangu ni mzito wa mambo mengi, lakini ameishi na dada yangu miaka mingi. Akazima injini. Akashuka, akafungua boneti, akasimama mbele ya ile kazi yake nzima, iliyokamilika, na mkono wake ukawa unakwenda huku na kurudi ukitafuta pa kuanzia. Mwishowe akafungua kabureta, kile kinacholisha injini mafuta, akaitoa polepole, akaja kuiweka kwenye kizingiti, miguuni kwa dada.

Mama akauliza mbona kimya.

"Limeharibika, mama," dada akasema. "Itabidi tukae."

Mama alisogea, akatoa mkono, akagusa kile chuma pale kizingitini, bado kina joto. Akasema maskini, pole yake. Kisha akarudi ndani, akaufungua mzigo, akaanza kurudisha nguo zake sandukuni, moja moja, kila moja mahali pake.